Mkasi wa dhahabu hauhitajiki Garissa

Lipo swali ambalo vijana wa Garissa, Wajir na Mandera hawachoki kuliuliza: ni programu gani ya kuhariri video iliyo bora kuliko zote? Swali lenyewe ni zuri, ila limeulizwa kinyume. Hakuna programu bora kwa kila mtu, kama vile hakuna kiatu kimoja kinachoenea kila mguu. Wahenga walituambia kuwa kila ndege huruka kwa ubawa wake. La kwanza kuuliza, basi, ni nani atakayehariri, kwa mashine gani, kwa fedha zipi, na anataka kuhifadhi nini.

Nalizungumzia jambo hili nikiwa mwanaisimu, wala si fundi wa filamu. Kaskazini Mashariki ni eneo ambalo hazina yake kubwa imo vinywani mwa watu. Mwaka wa 1972 ndipo serikali ya Somalia ilipoidhinisha rasmi hati ya Kilatini kwa lugha ya Kisomali. Kwa karne nyingi kabla ya hapo, ushairi, sheria na nasaba vilihifadhiwa hasa kwa kukaririwa. Kandokando ya Mto Tana wapo Wamunyoyaya, na kuelekea Lamu wapo Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer. Lugha za jamii hizi zina wasemaji wachache mno. Aidha, walioyaona kwa macho yao mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 wanazidi kupungua. Filamu ya Judy Kibinge ya mwaka wa 2015, Scarred: The Anatomy of a Massacre, ilidhihirisha jinsi ushahidi wa wazee hao unavyoweza kulifikia taifa zima ukirekodiwa na kuhaririwa kwa uangalifu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali kuendeleza na kulinda anuwai za lugha za Wakenya. Agizo hilo halitatimia kwa hotuba pekee.

Sasa tuje kwenye vyombo vyenyewe. Kijana anayeanza, ambaye mali yake ni simu ya mkononi, hana haja ya kusubiri tarakilishi. Programu kama CapCut itamfunza kukata, kuunga na kuandika manukuu chini ya picha. Hata hivyo, na atahadhari. Baadhi ya huduma zake zinalipiwa, nyingine zinategemea intaneti, na chombo cha mwenyewe huweza kuondoka na mwenyewe: mnamo Januari 2025 watumiaji wa Marekani waliamka wakakuta CapCut imezimwa pamoja na TikTok, kwa sababu ya mvutano wa kisheria wasiohusika nao. Ilirejea baadaye, lakini funzo lilibaki.

Aliye na tarakilishi ya mkononi ya kawaida, iliyonunuliwa pengine ikiwa imekwisha kutumika, atafaidika na Shotcut au Kdenlive. Hizi ni programu huria: hazilipiwi, hazipigi chapa juu ya kazi yako, na ukishazipakua mara moja zinafanya kazi bila intaneti. Zote mbili huweza kutengeneza nakala nyepesi za picha ili mashine dhaifu isikwame wakati wa kuhariri, kisha zikarudia picha halisi wakati wa kutoa kazi iliyokamilika. Katika mji ambao joto huichosha mashine kama linavyomchosha mwenyewe, hilo si jambo dogo.

Kwa yule aliyeiva, mwenye mashine yenye kumbukumbu kubwa na kadi nzuri ya michoro, DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kutengeneza filamu kamili. Toleo la kulipia huuzwa kwa dola 295, malipo ya mara moja. Adobe Premiere Pro ni chombo hodari, lakini hukodishwa. Anayeacha kulipa hufungiwa mlango. Inamfaa mwenye kituo au kampuni yenye mapato ya kila mwezi. Haimfai kijana anayerekodi arusi mbili kwa mwezi mzuri na kukosa hata moja katika mwezi wa ukame.

Hapo ndipo ninapowalaumu wanaoandaa mafunzo. Vijana hukusanywa hotelini kwa siku chache, wakafundishwa programu ya kukodi kwa mashine za kuazima, wakapewa vyeti, kisha mashine zikarudishwa Nairobi. Mwezi unaofuata, kijana anabaki na cheti na nakala ya wizi aliyopewa mtaani, iliyosheheni virusi. Tumemfunza kuogelea katika bahari asiyoweza kuifikia. Serikali za kaunti, vyuo vya ufundi na mashirika yanayohudumu Dadaab yangeanza na programu huria, mwanafunzi angerudi nyumbani na chombo chake.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Baadhi ya programu mpya hujigamba kuwa zitaondoa kimya kati ya maneno kwa kubonyeza mara moja. Katika tangazo la duka, vyema. Lakini mzee wa Wajir anaponyamaza kabla ya kulitaja jina la nduguye, kile kimya ni sehemu ya ushahidi. Vivyo hivyo, ushairi wa Kisomali, ukiwemo buraanbur wa wanawake, huongozwa na sauti moja inayorudiwa mstari baada ya mstari. Mhariri asiyeijua lugha hukata mstari mmoja ili kufupisha, na hajui kwamba ameivunja nyumba nzima. Manukuu ya kujiandikia yenyewe nayo yasiaminiwe. Kwa Kimunyoyaya na Kiaweer sijaona hata programu moja inayoyaweza. Aandike msemaji wa lugha, tena katika faili ya maandishi matupu inayofunguka katika programu yoyote.

Na liwalo liwe, picha asilia zisifutwe. Ziwekwe katika diski mbili, zikiandikwa jina la msemaji kwa idhini yake, mahali, tarehe na lugha, na diski hizo zikae nyumba mbili tofauti. Filamu iliyohaririwa vibaya huweza kuhaririwa upya. Sauti iliyofutwa hairudi.

Programu ni mkasi tu. Mkasi wa bure mkononi mwa anayeijua nguo hushona vazi la heshima, na wa dhahabu mkononi mwa asiyeijua huharibu kitambaa. Vijana wetu wachague ulio saizi ya vidole vyao, waanze kazi leo, maana wazee hawatungoji.