Nyuma ya Mama Kulikuwa na Foleni

Wadau, leo niko na hasira kidogo, mtanivumilia.

Kuna mpiga picha alikuja huku kwetu Nakivale, akampiga mama picha pale bombani. Picha nzuri, siwezi kukataa, kila mkunjo wa uso unauhesabu. Lakini nyuma ya mama kuna rangi tu: njano, njano, njano, kama mafuta ya kula yamemwagika. Jamani, ile njano ni mabidoni! Ni foleni ya tangu alfajiri, na kwenye picha haipo. Anayeitazama atafikiri huyu mama ana huzuni zake za nyumbani.

Tuongee kifundi sasa. Kamera inalenga umbali mmoja. Vilivyo mbele na nyuma ya hapo vinaonekana vizuri kwa kiasi fulani, halafu ni ukungu. Kiasi hicho anakipanga mwenye kamera. Akifungua tundu la lenzi hadi f/1.8, kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya sensa kubwa, mama akiwa mita 2, anabaki na kama sentimita 17 tu. Yaani kichwa cha mama, basi! Angechukua lenzi pana ya milimita 28, akabana tundu hadi f/11, akalenga mita 2 na nusu, kuanzia kama mita 1 na robo mpaka kule vilimani vyote vingesomeka. Na kwa jua la huku saa sita mchana, asiniambie mwanga ulikuwa mdogo. Aliamua.

Wengine mtasema ukungu unalinda watu. Hapo kuna ukweli. Kwenye foleni kuna mtu aliyekimbia na hataki sura yake ionekane, na hilo sio la mchezo. Basi muulize. Akikataa, piga foleni kwa mgongo, au subiri apite. Mabidoni hayana mtu anayeyatafuta.

Lakini wanaoniudhi zaidi ni sisi wenyewe. Sensa ya simu ni ndogo, kwa hiyo simu bila kuambiwa inaonyesha mbele na nyuma pamoja. Sisi tunafanya nini? Tunabonyeza ile modi ya potreti, programu inafuta nyumba zetu, turubai, shamba la mahindi, saa nyingine inakula na sikio. Eti ndio tuonekane kama tumepigwa studio.

Na msiamini kioo cha simu, maana kwenye kioo kidogo kila kitu kinaonekana kikali. Kabla ya kuposti, ivute picha iwe kubwa, uangalie nyuma ya mtu. Unaweza kuhesabu mabidoni? Huwezi? Rudia.

Jumamosi mama anarudi bombani. Nitakuwepo na simu, potreti nimeshaizima.