Msilaumu Simu, Ulizeni Funguo za Ukumbi Ziko Wapi

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye uzinduzi wa kitabu, hotelini, Dar es Salaam. Kitabu kizuri, mwandishi kijana, sina neno naye. Mgeni rasmi akasimama, akakohoa kidogo, akasema lile ambalo sote tumeshalisikia mara mia: vijana wa siku hizi hawasomi, simu zimewaharibu. Ukumbi mzima makofi. Nami nikapiga, nakiri, mikono nayo ina mazoea yake. Halafu nikaangalia chai na vitafunwa vilivyokuwa mbele yangu, nikapiga hesabu, nikaona bei yake inazidi bei ya kitabu tulichokuwa tunakizindua. Nje getini mlinzi alikuwa anauliza kila anayekuja kama ana kadi ya mwaliko. Sasa hao vijana tunaowasema wangepita wapi?

Nimechoka na wimbo huu wa simu. Nimeusikia ukiimbwa na walimu, na wachapishaji, na sisi wenyewe tunaojiita watu wa fasihi. Ni wimbo mtamu kwa sababu unamlaumu asiyekuwepo. Mimi nasema hivi: kabla hujamuuliza mtoto kwa nini hasomi, muulize anasomea wapi.

Nimekulia kwenye mji mdogo wa reli ya kati, miaka ya 1980. Mtaani kwetu kulikuwa na ukumbi mmoja. Wazee waliuita welfea, jina walilorithi kwa Mwingereza. Kwenye kibao cha mlangoni uliandikwa ukumbi wa maendeleo. Sisi watoto tuliuita holi, basi. Bati lilikuwa na kutu, sakafu ya saruji imepasuka katikati, madirisha mawili hayana vioo. Ndani kulikuwa na mabenchi, meza ya ping-pong isiyo na neti, redio moja iliyofungiwa kwenye kisanduku cha mbao, na kabati la vitabu ambalo funguo yake ilikaa kwenye kamba shingoni mwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Shikamoo ya kwanza ukiingia ilikuwa yake. Usipomwamkia, kabati halifunguki. Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya uanachama.

Ndani ya kabati hilo, msidhani ilikuwa maktaba ya Chuo Kikuu. Kulikuwa na vijitabu vya ufugaji wa kuku, hotuba za chama, vitabu vya kisomo, Shaaban Robert wawili watatu, magazeti ya *Sani* yaliyochakaa mpaka Ndumilakuwili hana uso, na riwaya moja ya Elvis Musiba iliyokuwa imepasuliwa vipande vitatu. Haikupasuka kwa bahati mbaya, jamani. Iliamuliwa. Kitabu kimoja, wasomaji arobaini, ungefanyaje? Mzee aliigawa ili watu watatu wasome kwa wakati mmoja. Ukimaliza kipande cha kwanza unamsubiri mwenzako aliyeshika cha pili, na huku unamsubiri unamganda aliyeshika cha tatu asije akakutobolea siri ya mwisho. Palikuwa na ngumi kwa sababu ya jambo hilo. Ngumi za kweli, za kugombania riwaya! Leo tunaandaa semina za kujadili namna ya kuwafanya watoto wapende vitabu.

Jioni saa za watu wazima zikifika tulifukuzwa, ila mimi nilibaki, maana nilikuwa nashika karabai. Bibi yangu alikuwa mwanafunzi wa kisomo. Alikaa kwenye benchi lile lile nililokalia mimi mchana, kanga imefungwa kifuani, penseli ameishika kama anashika mwiko, akiandika jina lake kwa herufi zilizokuwa zinapanda mlima. Siku alipolimaliza bila kuangalia ubao hakusema kitu. Alilikunja lile karatasi, akalipachika kwenye pindo la kanga pale anapoweka hela. Nililikuta sandukuni mwake alipofariki.

Bibi hakuwa peke yake. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na ikafuata kampeni ya kufuta ujinga nchi nzima. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania walikuwa hawajui kusoma. Kufika katikati ya miaka ya 1980, kwa hesabu za serikali, walikuwa wamebaki kama mtu mmoja kati ya kumi. Unaweza kuzitilia shaka hesabu za serikali, ni haki yako, hata mimi huzitilia. Lakini madarasa yale yalikuwepo, na yalifanyika chini ya miembe, kwenye maghala, na kwenye holi kama letu. Mwaka 1973 watu kama milioni mbili walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kusoma pamoja kampeni ya Mtu ni Afya. Wakajadili malaria, wakajadili vyoo, tena sana vyoo. Waliochimba vyoo walichimba. Hilo halikufanywa na kifaa, maana kifaa kilikuwa redio tu. Lilifanywa na mahali pa kukaa na mtu wa kuongoza kikundi.

Najua nitaambiwa naota ndoto za zamani. Tena wengine watanipongeza kwa sababu isiyo yangu, wakisema enzi zile ndizo zilikuwa enzi. Hapana. Holi halikuwa pepo. Wasichana walitakiwa kuwa nyumbani kabla ya magharibi, kwa hiyo kipande cha tatu cha Musiba hawakukipata. Dada yangu mpaka leo ananidai mwisho wa hadithi ile. Tulikalishwa masaa kusikiliza hotuba ambazo msemaji mwenyewe alikuwa anasinzia. Ukiwa na maoni ya pembeni uliyameza. Sukari ilikuwa ya foleni, na siku ya foleni holi lilikuwa tupu kama kaburi.

Wala nia ya waliojenga kumbi hizi haikuwa njema kiasi hicho. Baada ya Vita Kuu ya Pili Mwingereza alijenga vituo vya ustawi mijini Tanganyika huku akiwawazia askari waliorudi vitani: wasizurure, wasikasirike, wapate mahali pa kucheza drafti na kusoma magazeti aliyoyachagua yeye. Sasa tazameni kilichotokea. Aprili 1953, kwenye ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja, uliopewa jina la tajiri wa Kigiriki, Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA. Mwaka uliofuata TAA ikawa TANU. Waliotaka watu watulie waliwapa paa, na watu wakiwa na paa hawakutulia. Chama nacho kikaja kikajaza kabati hotuba zake, na sisi tukasoma Musiba. Hakuna mtawala aliyewahi kufaulu kuamua watu watazungumza nini wakishakaa pamoja kwenye benchi. Labda ndiyo maana hakuna aliyelia sana mabenchi yalipoondoka.

Maana yaliondoka. Miaka ya 1990 kisomo kikafifia, mishahara ya wasimamizi ikakatika, kabati likaenda nisikokujua. Nilipopita mwaka jana holi lilikuwa limepakwa rangi nzuri, limefungwa vioo, na lina kibao kipya chenye namba ya simu ya kukodi. Harusi, kitchen party, mikutano. Siku nyingine zote kufuli.

Hoja ya wenye kufuli naijua: halmashauri inahitaji mapato, jengo lisipoingiza hela litaanguka. Sawa. Nimeoa, nimeozesha, na harusi siichukii. Lakini Jumanne saa nne asubuhi nani anaoa? Jumatano saa kumi jioni, watoto wametoka shule, nyumbani chumba kimoja watu saba na televisheni inapiga kelele, nani amekodi ukumbi saa hiyo? Hakuna. Umefungwa bure. Haupati mapato na hautoi huduma. Na huyo mtoto akikaa kibarazani kwa jirani na simu ya kuazima tunasema simu imemharibu. Simu ndiyo pekee iliyomfungulia mlango!

Na sisi wa fasihi tusijifiche nyuma ya halmashauri. Tumezoea hoteli. Tumezoea mgeni rasmi, keki yenye umbo la kitabu, picha za kuweka mtandaoni. Mara ngapi umesikia riwaya ya Kiswahili imezinduliwa Mbagala, au Manzese, au kwenye holi la wilaya? Tunaandika juu ya watu wa kule na kuwasomea watu wa huku. Kisha tunashangaa nakala mia tano hazimaliziki.

Nilipiga ile namba ya kwenye kibao. Nikaomba saa mbili, mara moja kwa wiki, siku ambayo hakuna shughuli, nilete vitabu vyangu na nifagie mwenyewe. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Akaniuliza shughuli gani. Nikasema kusoma. Akanyamaza, kisha akaniambia kwenye orodha ya bei hamna hiyo, kuna harusi, msiba, semina na ibada, nichague mojawapo. Nikamwambia basi niandikie msiba. Akacheka, lakini bei haikushuka.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni, tutakaa nje barazani. Baraza halina kufuli wala bei. Ninavyo vitabu thelathini na kitu, na Musiba mmoja nimeupata kwa wauza vitabu vya mitumba, mzima, nitaupasua mwenyewe. Dada yangu amesema anakuja na kwamba kipande cha tatu kisiguswe na mtu kabla yake. Mwenye mkeka aje nao.