Magego ya watoto yazibwe kabla ya kuoza

MZAZI wa Kenya aghalabu humpeleka mtoto kwa daktari wa meno baada ya mtoto huyo kukesha akilia kwa maumivu. Wakati huo mara nyingi jino limekwisha kuharibika, na kinachosalia ni kuling'oa.

Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulibainisha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya kila wanne alikuwa na meno yaliyooza. Ilhali uozo mwingi huanzia mahali panapojulikana: katika vijinyufa vya magego, ambamo mswaki haufiki.

Vijinyufa hivyo vinaweza kuzibwa. Kiziba cha rezini, ambayo ni aina ya plastiki, hudumu muda mrefu, lakini huhitaji jino kavu kabisa na, kwa kawaida, taa maalumu ya kukigandisha. Cha pili ni saruji ya glasi-ayonoma, iliyobuniwa Uingereza. Hii hujishikiza kwenye jino hata penye unyevu kidogo, haihitaji umeme, na hutoa madini ya floraidi polepole. Tena hufyonza floraidi nyingine kutoka kwa dawa ya meno kila mtoto anapopiga mswaki.

Ni kweli kwamba saruji hiyo hubanduka mapema kuliko rezini. Hata hivyo, mabaki yake huweza kusalia ndani ya nyufa, na tafiti zilizolinganisha aina hizo mbili hazijatoa mshindi wa wazi katika kuzuia uozo. Kuhusu viziba vipya vinavyotoa pia kalisi na fosfeti, ushahidi mwingi ungali wa maabara. Hatuna haja ya kuvisubiri.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mbinu ya kutibu meno kwa vifaa vya mkono bila mashine ilianzia kwa jirani zetu Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Saruji hii ndiyo iliyokuja kuwa nguzo yake. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe mbinu hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza saruji yenyewe katika orodha ya dawa muhimu.

Wapo watakaouliza: je, wakazi wa Nakuru na Naivasha, ambao meno yao yamepata madoa kwa sababu ya floraidi ya visimani, waongezewe nyingine? Swali ni halali. Utafiti uo huo wa 2015 uliwakuta takriban watoto wanne kati ya kumi wakiwa na madoa hayo. Lakini madoa husababishwa na floraidi inayomezwa miaka mingi jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi. Kiziba hupakwa juu ya jino lililokwisha kuota, na kiasi kinachotoka ni kidogo mno. Maji ya visima hivyo yanahitaji suluhisho lake.

Afya ni jukumu la kaunti tangu 2013. Maafisa wa afya ya kinywa hufunzwa katika vyuo vya KMTC, na dawa za minyoo zimekuwa zikipelekwa kwa mamilioni ya wanafunzi shuleni. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akikaribia miaka sita, la pili akikaribia 12. Kaunti itakayotaka kuanza itawakuta watoto hao katika gredi ya kwanza na ya sita.