Mashine na Wahamali wa Saruji

Katika mji kama Kabimba, kusini mwa Kalemie nchini Kongo, ambako riziki ya watu wengi imefungamana na saruji, kila bohari na kila gati lipokealo shehena hiyo ni mahali pa kazi pa kutazamwa kwa insafu. Mifuko 40 ya kilo 50 yatimia tani 2. Na foklifti iibebayo, kwa kuwa yaongozwa na magurudumu ya nyuma, ikatapo kona mkia wake hufagia kando kwa ghafla na kumbana ukutani hamali aliyeinama kuokota mfuko, ilhali dereva, aliyezibwa macho na mzigo na vumbi, hana habari. Aghalabu lawama humwangukia dereva, nami naona hiyo ni dhuluma, maana hakuwa yeye aliyeamua watu na mashine wapite njia moja. Sheria ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yataka kamati za usalama na usafi kazini. Basi wenye mabohari waziunde, watenge njia ya waendao kwa miguu, wala asikabidhiwe usukani asiyefunzwa.