Uraibu wa ndugu usimfiche daktari

Mama mmoja wa Mazinde aliniuliza swali ambalo familia nyingi huulizana kwa kunong'ona. Kaka yake alikwenda Tanga mjini kutafuta maisha, akaishia kwenye unga. Sasa mwanawe wa miaka 17 amevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda na ameandikiwa tramadoli. "Daktari, na huyu atakuwa teja kama mjomba wake? Au ukoo wetu umelaaniwa?"

Si laana. Hata hivyo, hofu yake ina msingi.

Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa karibu nusu ya hatari ya kunasa kwenye dawa za jamii ya afyuni, yaani heroini, mofini, kodeini na tramadoli, hutokana na vinasaba. Hakuna kinasaba kimoja cha uteja. Ni vingi, kila kimoja kikichangia kidogo. Kinachobaki hutokana na maisha: umri wa kuanza kutumia, marafiki, msongo wa mawazo na urahisi wa kuipata dawa. Mtoto hurithi hatari, harithi uraibu.

Vinasaba pia huamua kasi ya ini kuchakata dawa. Wapo ambao miili yao hugeuza kodeini kuwa mofini haraka mno, na dozi ya kawaida ikazuia pumzi. Ndiyo maana mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kodeini na tramadoli zisitumike kutibu maumivu kwa watoto walio chini ya miaka 12.

Ufanye nini, mzazi? Usimnyime mtoto dawa ya maumivu. Mweleze daktari kabla hajaandika: "Kwetu yupo aliyenasa," kama unavyotaja kisukari au pumu. Ataweza kuchagua dawa nyingine, au kutoa ya siku chache na kumwona tena. Dawa itunze wewe, umpe kwa saa zake. Usinunue nyingine dukani bila cheti.

Na mjomba asisahauliwe. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011 na sasa inatolewa katika mikoa kadhaa, ikiwamo Tanga. Kwa ushauri, piga 119 bila malipo, simu ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Mama yule alikuwa hajamwambia daktari wa mwanawe habari za kaka yake, aliona aibu. Nilimrudisha akaseme.