MLIMA WA WATU SEBULENI MWETU

Ebu kila mmoja wenu afumbe macho aikumbuke sebule ya kwao. Makochi yamevikwa vitambaa. Picha ya arusi ya wazazi imetundikwa juu karibu na dari, tena ikainamishwa kana kwamba inawachungulia wageni. Kisha ipo ile picha ya mapambo: mlima wenye theluji, ziwa la samawati na nyumba ya mbao. Mlima wenyewe uko wapi? Labda Uswisi. Hata aliyeiuza hajui.

Kwetu pia ipo. Mama aliinunua mjini Nyeri baba alipolipwa pesa za kahawa. Lakini asubuhi isiyo na mawingu, ukisimama mbele ya picha hiyo ukageuza shingo kidogo tu, utauona Mlima Kenya dirishani, mita 5,199, na barafu yake iliyobaki, bila kulipa hata ndururu!

Maoni yangu ni kwamba mwenye pesa ya kununua nakala yenye fremu ya kung'aa anunue kazi ya mkono wa msanii wa hapa kwetu, hata ikiwa ndogo kama daftari. Likizo ya Aprili nilimwambia baba hivyo. Kuna kijana jirani yetu anayeishi kwa kuandika vibao vya vinyozi na bucha. Alikuwa amechora kiwanda cha kahawa, akina mama wamepiga foleni na magunia yao wakingoja kupimiwa. Baba alicheka sana. "Kiwanda nakiona kila wiki, na bado kina deni langu. Sasa nilipe pesa nikione hata nikila ugali?"

Sikuwa na jibu. Nililipata Murang'a, chama chetu kilipozuru Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kule Tanzania aliyesomea Makerere, alichora kutani humo maisha ya Kristo tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa. Kristo ni Mwafrika, na nchi iliyomzunguka ni hii yetu ya vilima na mabonde. Jamani, vilima hivyo nimevipita kwa matatu mara ngapi sijui, na sikuwa nimewahi kuvitazama. Siku hiyo nilivitazama njia nzima hadi Nyeri. Baba naye hukiona kiwanda, lakini hukiona kupitia lile deni.

Kazi ya mkono ni moja tu duniani. Mwaka 1997 moto uliteketeza kazi nyingi za wasanii huko Paa ya Paa, jumba la sanaa la Njau mjini Nairobi lililoanzishwa mwaka 1965. Nakala ya mlima wa Uswisi ikiungua, kesho utauziwa nyingine. Zile zilikwenda moja kwa moja.

Basi ukitaka kununua, usinunue kwa sababu rangi yake inafanana na makochi, makochi yatachakaa. Isogelee, uitazame kwa ubavu uone brashi ilikopita. Mwulize mchoraji mahali hapo ni wapi na kwa nini alipachora. Ukifika nyumbani, usiitundike penye moshi wa jiko wala penye jua kali, na tafadhali iteremshe ifike usawa wa macho. (Picha ya arusi pia, wazazi mkinisoma!) Jambo moja huniudhi: mtu hulipa bei ya dukani kimya, lakini akifika kwa mchoraji huanza kupunguza kana kwamba ananunua nyanya za jioni. Rangi na turubai hununuliwa kwa pesa, na yule kijana hushinda wiki mbili juu ya picha moja.

Nilimlipa kidogo kidogo kwa pesa za kuuza sungura. Baba bado hajakubali kiwanda kiingie sebuleni, kwa hivyo kiko chumbani mwangu, juu ya sanduku la shule. Ila mama ameniambia kwamba nikiwa shuleni, baba huingia humo kutafuta nyundo. Nyundo yetu hukaa stoo.