Umebadili kadi-mama: lisansi imebaki wapi?



Iko ulizo moja linarudi-rudi tangu vijana wetu wameanza kufungua kompyuta wao wenyewe nyumbani. Mashini ni ya zamani, inatembea polepole sana. Jamaa inakusanya feza kidogo kidogo, pengine hata ile ya minervali inaguswa. Fundi anatoa kadi-mama ya zamani, anatia ingine, na prosesa mpya juu yake. Mashini inawaka mbio, wote wanafurahi. Kisha, chini ya kioo, upande wa kuume, maneno yanatokea: Windows inaomba lisansi. Papa anashangaa: «Lakini hii Windows si nililipa pamoja na mashini?»

Ndiyo papa, ulilipa. Tuone sasa ulilipa kitu gani.

Kiti ukinunua ni chako, hata ukitaka kukata miguu yake ni shauri lako. Programu haiuzwi vile. Unapewa ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo iko na masharti. Ruhusa ndiyo lisansi. Kwa Windows ya kampuni Microsoft, lisansi ambazo mtu anakutana nazo mara nyingi ni za namna tatu, na shida zote za fundi na papa zinatoka katika kuzichanganya.

Ya kwanza wanaiita OEM. Ni ile mtengenezaji wa mashini anatia kule kiwandani, kwa bei ndogo. Inafungwa na mashini ile ya kwanza mpaka itakapokufa. Na mashini ni nini? Mbele ya Microsoft, kadi-mama ndiyo mashini. Unaweza kuongeza memori, kubadili diski, kutia kioo kikubwa, lisansi inabaki. Lakini ukibadili kadi-mama kwa kutaka mashini yenye nguvu zaidi, wanahesabu kama umepata kompyuta nyingine, na lisansi ya OEM haivuki. Kama kadi-mama iliharibika yenyewe, na inabadilishwa kwa ingine ya namna ileile, hapo wanakubali. Tazama basi: kazi ya bisibisi ni ileile, lakini sababu ya kuifanya inageuza haki yako.

Ya pili ni ile ya dukani, inayouzwa peke yake bila mashini. Hii unaweza kuihamisha kwa mashini mpya, ila lazima uitoe kwanza kwa ile ya zamani. Bei yake ni kali, na wengi wetu hatujaiona kwa macho. Hata hiyo ilitaka kufungwa siku moja. Katika mwezi wa 10 mwaka 2006, masharti ya Windows Vista yalitoka yakisema mtu ataweza kuihamisha mara moja tu. Wale wanaojenga kompyuta zao nyumbani, ambao wanabadili vipande kila mara, walipiga kelele sana. Mwezi wa 11, kabla Vista haijafika madukani, kampuni ilirudisha sharti la zamani. Kumbe kusoma yale maandishi madogo kunasaidia, maana hawa waliyasoma mbele ya kununua.

Ya tatu inatuhusu sisi wa miji ya migodi zaidi. Ni lisansi ya makampuni, yenye kununuliwa kwa mashini nyingi pamoja. Kampuni ikiuza kompyuta zake za zamani kwa wafanyakazi, papa anarudi nyumbani na mashini nzuri kwa bei ya chini. Lakini lisansi ile ni ya kampuni, haikuuzwa pamoja na chuma. Mara nyingi mashini hizo zinathibitisha lisansi kwa serveri ya kampuni, na uthibitisho unadumu siku 180 tu. Nyumbani serveri haiko. Kwa hiyo mashini inaweza kutumika vizuri karibu miezi sita, kisha inaanza kulalamika, na papa anafikiri watoto wameiharibu. Msiwapige bure.

Vijana wanauliza: mashini inajua namna gani kama imebadilishwa? Jambo hili lilikuja na Windows XP, mwaka 2001. Mashini ilikuwa inapima vipande kumi hivi: diski, prosesa, kadi ya rezo, na vingine. Ukibadili kimoja, inavumilia. Ukibadili vingi, inaomba uhakikishe tena. Kwa Windows 7 ufunguo wa herufi 25 ulikuwa juu ya karatasi ya gundi, chini ya mashini au ubavuni. Tangu Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji walianza kuuandika ndani ya kadi-mama yenyewe. Ndiyo maana fundi akiondoka na kadi-mama ya zamani, anaondoka na ufunguo wako mfukoni. Tangu mwaka 2016, mwenye Windows 10 anaweza kufunga lisansi na konti yake ya Microsoft, na akibadili vipande anaambia mashini kama amebadili. Lakini hiyo haigeuzi OEM kuwa ya dukani.

Sasa, mbele ya kutoa hata franka moja, fanya hivi. Bonyeza ufunguo wenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /dli, kisha ingiza. Dirisha dogo litafunguka. Ukiona neno OEM, acha kadi-mama. Ongeza memori na tia diski ya SSD, na kwa mashini nyingi hiyo inatosha kuondoa uvivu. Ukiona RETAIL, ni ile ya dukani. Ukiona VOLUME, ni ya kampuni: kwa mashini ya kununua kwa mtu, teremsha bei au uache.

Wako wengine wanaotaka kubadili kadi-mama kwa sababu ya Windows 11. Hiyo ilitoka mwezi wa 10 mwaka 2021, na inakataa prosesa nyingi za zamani pamoja na mashini zisizo na TPM 2.0. Windows 10 iliachwa tarehe 14/10/2025. Ukijenga upya juu ya hiyo, uhesabu bei ya lisansi pamoja na bei ya kadi, usiongojee kuulizwa.

Na ile ya kuvunja kufuli, inayopitishwa kwa ufunguo wa USB kutoka nyumba kwa nyumba? Mbali na kuwa ni kutumia mali ya mtu bila ruhusa, mara nyingi mle ndani mmefichwa virusi vinavyotafuta maneno ya siri ya mama anayelipa kwa simu.

Iko njia ingine. Linux, ambayo Linus Torvalds wa Finland aliianza mwaka 1991, haiulizi kadi-mama yako ni ya nani. Namna kama Ubuntu na Linux Mint hazilipwi, unazihamisha unavyotaka, na LibreOffice inafungua barua na mahesabu yaliyoandikwa kwa Word na Excel. Michezo fulani na programu fulani za kazi hazitatembea, tuseme ukweli. Mashini ya mwanafunzi wa kuandika na kusoma itafaa kabisa. Fundi akidai feza ya kuiweka, mlipe kazi yake. Akidai feza ya lisansi ya Linux, mwombe akuonyeshe karatasi.